Kukimaliza Kitabu Kirefu

Yasemwa siku hizi kwamba riwaya ndefu, yenye mwendo wa pole, ni mzigo usiomfaa kijana. Mwanafunzi husoma kurasa 10 akapiga miayo. Kisha hununua mwongozo, husoma muhtasari wa sura zote kwa jioni moja, na hutangaza kuwa kitabu amekijua. Rai hii naipinga kwa sababu tatu.

Kwanza, muhtasari hueleza yaliyotokea tu. Katika Siku ya Watenzi Wote, riwaya ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1968, mazungumzo na mawazo yana uzito kuliko matukio. Mwenye kuyaondoa hayo ili abaki na kisa hutupa nazi akahifadhi kifuu. Msitu wa Kaya Kinondo, karibu na Diani, uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mgeni huingia humo kwa miguu, amejifunga kaniki, akimfuata kiongozi wake. Apitaye barabarani kwa gari ameona miti, kaya hajaiona.

Pili, upole wa masimulizi si ugeni kwetu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100, na tenzi za namna hiyo zilighaniwa mbele ya watu walioketi wakasikiliza. Wasikilizaji hao walikuwa na kazi za mashamba na za bahari kama sisi. Mvuvi wa Msambweni naye hawezi kuyaamuru maji yajae kabla ya saa yake, wala hayaiti maji mavivu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mazoea ya shuleni humfuata mtu maishani. Kwale ni nchi yenye migogoro ya ardhi ya miaka mingi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004, juu ya ugawaji wa ardhi ya umma kinyume cha sheria, ni ndefu na haina utamu wa hadithi. Mikataba ya kukodisha na kuuza viwanja ni mirefu vilevile. Kijana aliyezoea kusomewa na wengine atatia sahihi kwa kuamini muhtasari wa mnunuzi, na shamba la babu yake litakwenda kwa sababu ya kifungu kilichokuwa ukurasa wa mwisho.

Sisemi kwamba kila kitabu kirefu ni chema. Wako waandishi wajazao kurasa kama mtu ajazaye gunia kwa makapi, na msomaji ana haki ya kuwaacha. Lakini haki hiyo huipata kwa kusoma kwanza. Aachaye baada ya kusoma theluthi ya kitabu anaweza kutoa sababu zake mbele ya mwalimu. Aachaye ukurasa wa 10 ana usingizi tu.

Wala kazi yenyewe si kubwa kama isemwavyo. Bandu bandu huisha gogo: kurasa 10 kila usiku humaliza riwaya ya kurasa 200 kwa siku 20, na katika muhula mmoja zaweza kumalizwa riwaya 3 za kiasi hicho. Basi, ndugu msomaji, uweke mwongozo kando mpaka kitabu kiishe, kisha uusome uone kama mwandishi wake alikisoma kwa uangalifu kuliko wewe.