Paketi za chakula cha askari: kula ao kuchunga?

Majeshi mengi yamepita mu mashariki ya Kongo. Mu mwaka 1994 Wafaransa wa operesheni Turquoise walitumia uwanja wa ndege wa Goma, na mu mwezi wa saba wa mwaka ule ule askari wa Marekani wakaja kusafisha maji wakati kolera iliua wakimbizi. Mu 2003, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, operesheni Artemis ilikuwa Bunia. Monuc ilianza mu 1999, ikageuka Monusco mu 2010, na mu mwezi wa sita 2024 ikafunga kazi yake mu Kivu ya Kusini. Askari wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walifika mu 2022, wakaondoka mwisho wa 2023. Wale wa SADC wakaingia nyuma yao, nao wakaanza kurudi mu mwezi wa ine 2025.

Kila jeshi lilikuja na silaha zake, magari yake, na chakula chake ndani ya paketi. Silaha na magari vinarudi na wenyewe, lakini chakula hakirudi chote. Paketi moja inapewa mtoto karibu na kambi, ingine inabadilishwa na makala ao kuku, ingine inauzwa kimya kimya. Njo maana mu nyumba moja moja unaweza kukuta, juu ya kabati ao chini ya kitanda, paketi ya kijani ao ya rangi ya mchanga, ingali imefungwa, na maandishi ya kigeni juu yake. Mama anasema watoto waile leo. Baba anasema ichungwe, juu alisikia kama kuna Wazungu wanaonunua vitu vya namna ile kwa makuta mengi.

Swali linaonekana dogo. Lakini mu nchi ambamo ripoti ya IPC, mwanzoni mwa 2025, ilihesabu watu karibu milioni 28 wenye uhaba mkali wa chakula, hakuna chakula ndani ya nyumba ambacho ni kidogo. Inafaa kuangalia kila upande.

Wanaokusanya ni nani?

Habari ya wanunuzi si uongo. Kuna watu Marekani, Ulaya na Asia wanaokusanya chakula cha askari kama vile wengine wanakusanya tembre za posta ao makuta ya zamani. Wanatafuta mikebe ya vita vya pili vya dunia, paketi za Wafaransa zinazosifiwa kwa utamu wake, na zile za Wamarekani ziitwazo MRE, ambazo zilianza mu 1981 kuchukua nafasi ya mikebe. Wanauziana kwa intaneti.

Hata wao hawapatani. Kuna wanaosema paketi ikifunguliwa imekufa: iwekwe pahali pa baridi na giza, isiguswe. Wengine wanasema chakula kisichoonjwa hakijulikani. Kati ya hao wa pili kuna Mmarekani mwenye shaneli ya YouTube iitwayo Steve1989MREInfo, anayefungua paketi mbele ya kamera na kuonja. Aliwahi kutafuna biskwi ya askari ya mwaka 1863, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mamilioni ya watu wanamuangalia. Lakini mara nyingi anaonja kidogo tu, anatema kile kilichoharibika, na anaishi mu nchi yenye hospitali karibu. Kile kwake ni mchezo. Kwa mtoto wa Kalehe ao Djugu, mbali na muganga, kinaweza kuwa kifo.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa ndoto hawasemi. Mukebe wa 1944 una bei leo kwa sababu karibu ingine yote ililiwa. Kitu ambacho kila mtu anakichunga hakiwezi kuwa cha nadra. Paketi iliyotengenezwa juzi, kwa maelfu na maelfu, haina bei kubwa kwa mkusanyaji, na kungojea apatikane mtu wa kuilipa vizuri inaweza kuchukua miaka makumi.

Chakula kina saa yake

Miaka hiyo, chakula hakiingojei. Jeshi la Marekani linaomba MRE iweze kukaa miaka 3 ikiwa kwenye joto la digrii 27. Kwenye digrii 38, inaomba miezi 6 tu. Paketi ni ile ile, kilichobadilika ni joto. Goma na Bukavu ziko juu, karibu metre 1.500, na usiku kuna baridi. Uvira, Kalemie na Kindu ziko chini na joto lao ni kali. Na hata Goma, nyumba ya manjanja isiyo na plafo inapikwa na jua tangu saa sita ya mchana. Mwenye kuweka paketi juu ya kabati, karibu na manjanja, anafikiri anaichunga. Kweli anaitupa pole pole.

Vyakula vyenyewe havizeeki sawasawa. Biskwi kavu ile ya 1863 ilidumu kwa sababu haikuwa na maji wala mafuta. Karanga, shokola na nyama yenye mafuta vinaanza kunuka vibaya mbele. Tomati na matunda vina asidi, na asidi inakula mukebe toka ndani.

Kusoma paketi kunasaidia. Pale pameandikwa kwa Kifaransa « à consommer de préférence avant », tarehe ikipita utamu na nguvu vinapungua, lakini chakula hakigeuke sumu siku ile ile kama paketi iko nzima. Pale pameandikwa « à consommer jusqu'au », tarehe ikipita hakiliwe. MRE mara nyingi haina tarehe ya mwisho. Ina namba ine za siku ya kutengenezwa. Namba ya kwanza ni ya mwisho wa mwaka, tatu zinazofuata ni siku ya mwaka. 4123 ni siku ya 123 ya mwaka unaomalizika na 4: inaweza kuwa 2024, inaweza pia kuwa 2014. Asiyejua kopo ama sache ilitoka wapi na ilipita wapi, hesabu hii haimtoshi.

Na kuna alama zisizohitaji kusoma. Mukebe ao sache iliyovimba, inayovuja ao iliyotoboka itupwe pahali ambapo watoto na mbwa hawafiki. Sumu ya botulisimu inaweza kuwa ndani bila harufu wala rangi, na inalegeza mishipa hadi mtu anashindwa kupumua. Hakuna kuonja « kidogo tu » kwa kuhakikisha.

Kinachodanganya wengi ni vitu vidogo vya kupashia chakula moto. Kifuko cha MRE kina magnesiamu; kikitiwa maji kinachemka na kutoa hidrojeni, gazi inayoshika moto. Kisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa wala karibu na mbabula. Vidonge vyeupe vya kuwashia moto vinavyopatikana mu paketi zingine vinafanana na dawa ao bonbo, lakini ni sumu. Watoto wasivichezee.

Mbegu na chakula

Wakulima wa Lubero, Masisi na Walungu wanajua shauri hili kuliko wakusanyaji wa ng'ambo. Maharagi yakivunwa, mama anatenga: haya ya kula, haya ya kuuza, haya ya mbegu. Ya mbegu hayaguswi, hata njaa ikibisha hodi. Lakini hakuna anayechunga mbegu bila kujua atapanda lini. Msimu ukipita, mwingine ukipita, wadudu wanaingia na maharagi hayafai tena shambani wala chunguni.

Paketi ya askari inaomba hesabu ile ile, na ifanywe siku inapoingia nyumbani. Kama ni chakula cha akiba, kwa siku ambayo risasi zitalia na familia itakimbia, hiyo ni sababu ya kweli. Watu wa hapa wamekimbia mara nyingi, na biskwi inayolika bila moto ni baraka njiani. Lakini akiba inageuzwa: ya zamani inaliwa tarehe ikikaribia, mpya inachukua nafasi yake. Akiba ambayo hailiwi kamwe haisaidii mtu.

Kama ni ya biashara, mwenyewe aulize mambo matatu. Nani atainunua? Itatoka kwa njia gani, mu eneo ambamo uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mji mu mwezi wa kwanza 2025? Na kwenye bariere, mwenye kubeba kartoni yenye alama za jeshi atajibu nini? Mu eneo ambalo mwenye silaha anabadilika toka kijiji kimoja hadi kingine, paketi ya jeshi fulani inaweza kumfanya mtu aitwe mshirika wa jeshi lile. Hakuna mkusanyaji wa mbali atakayemlipia hatari hiyo.

Kuna pia vile ambavyo si vya kuchunga wala kuuza hata kidogo. Mu mwezi wa pili 2025, depo za PAM za Bukavu ziliibwa tani 7.000 za chakula. Sache ya Plumpy'Nut, yenye gramu 92 na kalori 500, ni dawa ya mtoto mwenye utapiamlo. Aliye nayo bila mgonjwa nyumbani aipeleke kituo cha afya.

Kinachobaki baada ya kula

Je, baba aliyetaka kuchunga alikosea? Si kwa yote. Kuna kitu cha kweli mu mawazo yake: vitu hivi ni ushuhuda. Mu vita vya kwanza vya dunia, Force Publique ilipotoka huku hadi kuteka Tabora mu 1916, wapagazi zaidi ya laki mbili walitumiwa kubeba mizigo yake, chakula kikiwa ndani. Majina ya wakubwa yaliandikwa. Wengi wa wapagazi hawakuandikwa, na mu familia nyingi hakuna kitu cha kushika mkononi na kusema: babu alibeba hiki.

Lakini kwa kuchunga ushuhuda, si lazima kuozesha chakula. Chakula kinaliwa kingali kizuri. Ganda la paketi na ile karatasi ya orodha ya vyakula vinapanguzwa, vinakaushwa, vinawekwa ndani ya daftari ao bahasha mbali na manjanja. Pembeni inaandikwa siku, kijiji, jeshi gani, nani aliileta, na watoto walisema nini walipoonja. Hata wakusanyaji wa Ulaya wanatafuta maganda matupu. Pahali ambapo ganda lenyewe linaweza kuleta maneno, maandishi bila alama yanatosha, ao masimulizi ya jioni.

Kwa paketi ya 1994 ao 2003 ambayo ingali imefungwa, saa ya kula ilishapita. Hiyo ichungwe kama kitu cha historia, iandikwe juu yake « si ya kula », na iwekwe juu, pale mtoto mwenye njaa hawezi kufika.