Kitambi Hakitibiwi kwa Njaa

Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa sehemu ya cheo. Mtu aliyepandishwa daraja kazini alitazamiwa anenepe, na asiponenepa majirani waliulizana mshahara wake unakwenda wapi. Leo mambo yamegeuka. Afisa huyo huyo, au mwalimu huyo huyo, anapokwenda kupimwa huambiwa kwamba shinikizo la damu limepanda, moyo umeelemewa, na hana budi kupunguza uzito. Akirudi nyumbani hutangaza vita: asubuhi hali kitu, mchana chai kavu, usiku nyama tupu, kwa kuwa amesikia kwamba adui ni ugali. Baada ya wiki tatu mizani humsifu. Baada ya miezi michache kitambi hurejea, pengine kikubwa kuliko cha awali.

Kosa la ndugu huyu si uvivu. Kosa lake ni kudhani kwamba anakula peke yake. Katika utumbo mpana wa kila binadamu wanaishi matrilioni ya bakteria wanaotegemea masalio ya chakula chake. Sukari, mafuta na unga uliokobolewa humalizwa karibu vyote na utumbo mwembamba. Kinachowafikia bakteria hao hasa ni nyuzinyuzi, yaani pumba za nafaka, maganda ya kunde na maharage, mboga za majani na matunda. Huzichachusha kama togwa inavyochachuka, wakatoa asidi ambazo mwili huzitumia. Mojawapo, iitwayo butirati, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Asidi hizo husaidia pia kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, ambao ni miongoni mwa vyanzo vya maradhi ya moyo, na kuupa ubongo habari kwamba tumbo limeshiba.

Ndiyo kusema, chakula anachoagiza daktari kwa ajili ya moyo, yaani maharage, nafaka nzima, mboga, matunda, samaki, chumvi kidogo na mafuta kidogo, ndicho pia kinachowalisha bakteria hao. Kinyume chake, mtu anayejishindilia nyama nyekundu huwapa bakteria wengine kazi nyingine. Hutengeneza kemikali ambayo, ikishapita katika ini, imeonekana kwa wingi katika damu ya watu wenye maradhi ya moyo na mishipa.

Hayo si maneno ya vijiweni. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu Wamarekani 20 wenye asili ya Kiafrika wa mji wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki mbili walibadilishana vyakula. Wamarekani walipewa takriban gramu 55 za nyuzinyuzi kwa siku, na mafuta yakapunguzwa sana. Wanavijiji wakapewa nyama na mafuta kwa desturi ya Marekani. Hawakunyimwa chakula, walibadilishiwa aina tu. Katika muda huo mfupi butirati iliongezeka mara mbili na nusu kwa Wamarekani, na ikapungua kwa nusu kwa wanavijiji.

Hapa Tanzania nako, matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 kuhusu wanaume 77 wa Kilimanjaro yalionyesha kwamba wanavijiji waliohamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili walipata dalili za uvimbe katika damu, na wenzao wa mjini waliorudishiwa vyakula vya asili wakazipunguza.

Na njaa je? Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa Ujerumani kwa wanawake 80 uligusa jambo hilo. Waliopewa chakula cha maji cha kalori 800 tu kwa siku walikonda kweli. Lakini bakteria wao walipungua, na aina moja inayoweza kuleta kuhara kukali ikaongezeka. Mizani ilisifu, tumbo likalalamika.

Kwa nini basi msomi aliye na dawa hii jikoni kwake anaikimbia? Jibu ni kasumba. Dona limeitwa chakula cha shule ya bweni, mlenda na kisamvu vikaitwa vya shamba, mtama ukaachiwa kuku. Mgeni wa heshima hukaribishwa kwa sembe jeupe, chipsi na soda. Semina ya afya yenyewe husimama saa nne ili wajumbe wale mandazi na sambusa.

Wapo watakaosema kwamba dona lina hatari ya sumukuvu. Wanasema kweli. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa chini huota ukungu, na kuyakoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo. Lakini dawa yake ni kukausha vema, kuhifadhi pakavu na kuchambua punje mbovu. Si kutupa pumba zote. Wengine watalalamika kwamba maharage huwajaza gesi. Tumbo lililozoea sembe halina budi kuzoeshwa kidogo kidogo, kwa maji ya kutosha. Na anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa sababu amebadili chakula. Ashauriane na daktari wake.

Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili lishe. Wasomi waliwafundisha wanavijiji. Leo mwanafunzi ni msomi mwenyewe, na somo liko katika sahani ya bibi yake. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na chumvi isiyofikia gramu 5. Kiasi hicho hakihitaji makopo wala unga wa kukondesha unaouzwa kwa bei ya kuruka. Kinahitaji kantini ya ofisi ipike dona na maharage bila kuona haya, na mkuu wa idara awe wa kwanza kupanga foleni.