Usiuze ploti kabla ya leseni

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Barua yenyewe ni ndefu, lakini kiini chake ni kifupi. Binti yake yuko Texas, Marekani, na mwaka huu anamaliza digrii ya pili katika tiba ya usemi. Amepiga simu nyumbani akasema anataka kufungua kliniki yake mwenyewe mara tu atakapohitimu. Jengo amekwisha kuliona, na mwenye jengo anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mama naye ana ploti Kitengela, aliyoilipia kidogo kidogo kwa pesa za chama. Mnunuzi amepatikana. Ndugu wawili wa binti huyo hawasemi naye tena, maanake ploti hiyo ndiyo waliyotarajia kujenga.

"Je, niuze?" mama ananiuliza. "Anasema serikali ya huko ndiyo itakayolipia wagonjwa, kwa hivyo pesa zitarudi upesi."

Nimeamua kumjibu hapa ukurasani kwa sababu najua hayuko peke yake. Ni nyumba ngapi mjini humu ambazo zina mtoto ng'ambo, na harambee iliyompeleka huko bado haijasahaulika? Simu ikilia usiku, mzazi huona haya kuuliza maswali. Huogopa kuonekana mshamba. Basi leo tuulize maswali hayo kwa pamoja.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi? Mtaalamu wa tiba ya usemi humsaidia mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, au mwenye usonji ambaye maneno hayamtoki. Humsaidia pia mzee aliyepatwa na kiharusi akapoteza maneno, na hata mgonjwa anayepaliwa kila akimeza chakula. Ni kazi ya heshima na inahitajika sana. Binti hakukosea kuichagua, na mama asijutie hata senti moja ya karo.

Pili, ni serikali gani hiyo itakayolipa? Hapa ndipo wengi huteleza. Mpango unaotajwa unaitwa Medicaid. Ulianzishwa mwaka wa 1965, wakati wa Rais Lyndon Johnson, pamoja na ndugu yake aitwaye Medicare. Medicare ni hasa ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Medicaid ni ya watu wa mapato ya chini, wakiwamo watoto wengi na walemavu. Gharama hugawanywa kati ya serikali kuu ya Washington na serikali ya kila jimbo, na kila jimbo huuendesha kwa kanuni zake. Kwa hivyo aliyekueleza jinsi mambo yalivyo Minnesota hajakueleza ya Texas.

Kwa watoto mpango huu ni mpana. Sheria ya serikali kuu inayataka majimbo kuwapa watoto na vijana wa chini ya miaka 21 walio katika Medicaid matibabu yote wanayoyahitaji kwa sababu za kiafya, tiba ya usemi ikiwamo. Ndiyo maana kliniki nyingi za watoto hutegemea Medicaid. Binti amesema kweli kwamba wagonjwa wapo na mlipaji yupo. Alichoacha kueleza ni kwamba mlipaji huyo hamlipi mtu asiyemjua. Hata hapa kwetu, hospitali ya kibinafsi haiwezi kuamka asubuhi na kuanza kuidai SHA kabla ya kuidhinishwa na kutia saini mkataba. Huko pia ni vivyo hivyo, tena kwa milango mingi zaidi.

Hebu tuihesabu milango hiyo, msomaji, mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza ni leseni. Digrii ya pili peke yake haimruhusu mtu kutibu akiwa peke yake. Chama cha wataalamu hawa cha Marekani, kiitwacho ASHA, hutoa cheti cha umahiri. Anayekitaka lazima wakati wa masomo awe amefanya saa 400 za mazoezi na wagonjwa, kati yake saa 25 za kutazama tu. Hufanya mtihani wa taifa uitwao Praxis, na alama za kupita ni 162. Kisha hufanya kazi chini ya mtaalamu mwenye cheti kwa muda usiopungua majuma 36, yaani saa 1,260. Huko Texas, idara ya leseni ya jimbo, iitwayo TDLR, humpa mhitimu leseni ya muda ya mwanagenzi kwa ajili ya kipindi hicho. Huulizwa pia maswali ya sheria za jimbo kuhusu kazi yake, na historia yake hutazamwa kama ana makosa ya jinai. Akimaliza ndipo anapoomba leseni kamili, ambayo huihuisha kila baada ya miaka miwili baada ya kuongeza masomo.

Mama, soma hapo tena polepole. Binti yako anamaliza masomo mwaka huu. Majuma 36 ni zaidi ya miezi minane. Katika muda huo wote anatakiwa awe chini ya mkubwa wake wa kazi. Hawezi kuwa mwanagenzi na wakati huo huo awe mwenye kliniki asiyesimamiwa na mtu. Kodi ya jengo akiilipa leo, jengo litakaa tupu, na mwenye jengo hatajali.

Mlango wa pili ni karatasi za biashara. Baada ya leseni kamili, mtu husajili kampuni, kisha hupata nambari ya mlipa kodi kutoka idara ya kodi ya serikali kuu. Halafu huomba nambari ya taifa ya mtoa huduma za afya, iitwayo NPI, yenye tarakimu kumi. Mtaalamu huwa na yake, na kampuni huwa na yake. Nambari ya kodi na NPI hutolewa bure na serikali. Wapo watu mitandaoni wanaotoza dola nyingi kuzijazia fomu hizo, na wageni ndio wanaonaswa zaidi. Kisha kuna bima ya makosa ya kikazi. Mgonjwa akishtaki na bima haipo, kliniki itakwenda na nyumba.

Mlango wa tatu ni Medicaid yenyewe. Texas hupokea maombi kwa kompyuta katika mtandao uitwao PEMS, ulioanza Desemba 2021. Huandikwa leseni, NPI, anwani ya mahali pa kazi, na majina ya wenye hisa. Majina hayo hulinganishwa na orodha ya serikali kuu ya watu waliofungiwa kwa udanganyifu au makosa mengine. Ukimwajiri mtu aliye katika orodha hiyo, hata karani tu, unaweza kutozwa faini kubwa. Kosa dogo, kama anwani isiyolingana kati ya fomu mbili, hurudisha maombi nyuma. Na anayekubaliwa hakubaliwi milele. Sheria hutaka kila mtoa huduma akaguliwe upya angalau mara moja kila miaka mitano.

Mlango wa nne huwashangaza wengi. Huko Texas, wagonjwa wengi wa Medicaid wamewekwa chini ya kampuni za bima ambazo jimbo limezipa kandarasi. Kukubaliwa na jimbo hakutoshi. Lazima mtaalamu apeleke maombi kwa kila kampuni, vyeti vyake vichunguzwe upya, na mkataba utiwe saini. Kila moja huenda kwa mwendo wake. Kazi hii huchukua miezi kadhaa, na kampuni inaweza kumwambia kwamba wataalamu wa mtaa huo wanaitosha kwa sasa.

Mlango wa tano ni mgonjwa mwenyewe. Mtoto lazima awe na agizo la daktari. Hupimwa kwanza, ripoti huandikwa, kisha mara nyingi kibali huombwa kabla ya tiba kuanza. Ukitibu kabla ya kibali, umetibu sadaka. Baada ya tiba, madai hupelekwa kwa nambari maalumu. Tiba ya mtu mmoja, kwa mfano, ni 92507. Kwa kawaida Texas huyataka madai hayo ndani ya siku 95 tangu siku ya tiba. Siku ya 96, pesa zimepotea, na huruhusiwi kumgeukia mzazi wa mtoto. Kwa hakika, sheria ya Medicaid husema mtoa huduma ayakubali malipo ya mpango kuwa ndiyo malipo kamili. Huwezi kumwambia mama wa mtoto akuongezee kidogo chini ya meza. Ukifanya hivyo unacheza na leseni yako.

Malipo yenyewe pia hayakuandikwa mbinguni. Bunge la Texas liliamua mwaka wa 2015 kupunguza malipo ya Medicaid kwa tiba za watoto, na makato hayo yakaanza Desemba 2016, baada ya wazazi na wenye kliniki kushindwa kortini. Na Julai 4, 2025 ilitiwa saini sheria ya Marekani inayopunguza fedha za serikali kuu kwa Medicaid katika miaka ijayo. Sisemi haya ili kumtisha binti. Nasema ili ajue kwamba kliniki yenye mlipaji mmoja tu ni stuli ya mguu mmoja.

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Tuseme kodi ni dola 1,500 kwa mwezi. Leseni kamili ikichukua miezi tisa na mikataba miezi minne, hiyo ni miezi 13. Kodi peke yake ni dola 19,500. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 130, hizo ni zaidi ya milioni mbili na nusu, kabla ya mtoto mmoja kutibiwa, kabla ya taa, kabla ya bima. Ploti ya Kitengela itakuwa imeyeyuka, na ndugu wawili watakuwa na haki ya kununa.

Lipo swali jingine ambalo mama hakuligusa katika barua yake, nalo ni la viza. Anayesoma kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida hupata miezi 12 ya kufanya kazi ya fani yake baada ya kuhitimu. Majuma 36 ya uanagenzi yanaenea humo, lakini hayaachi nafasi kubwa. Baada ya hapo wengi hutafuta mwajiri wa kuwaombea viza ya kazi, na viza hiyo humfunga mtu kwa mwajiri wake. Mwenye kibali cha kudumu yuko huru zaidi. Kwa hivyo mama, kabla ya kumuuliza binti habari za jengo, muulize: "Mwanangu, karatasi zako zinakuruhusu kumiliki biashara na kuifanyia kazi?" Akisita, ada ya wakili wa uhamiaji ndiyo pesa ya kwanza kutumwa, na haihitaji ploti.

Basi jibu langu ni hili. Usiuze. Wala usimvunje moyo. Mpigie simu siku ya mapumziko na umwambie maneno haya kwa upole. Atafute kwanza mahali pa uanagenzi, ikiwezekana katika kliniki inayohudumia watoto wa Medicaid, apate mshahara huku akijifunza jinsi madai yanavyoandikwa na kwa nini hukataliwa. Akipata leseni kamili na kama viza inamruhusu, abaki na kazi yake huku akipeleka maombi ya Medicaid na ya zile kampuni za bima. Ahakikishe tu kwamba mkataba wa mwajiri haumkatazi. Wapo wataalamu wanaoanza kwa kuwatembelea watoto majumbani, bila kukodi jengo lolote. Jengo likodiwe baada ya mikataba kutiwa saini na wagonjwa kuonekana. Hapo akihitaji msaada, atakuja na karatasi mkononi, na ninyi nyumbani mtaketi mezani nyote, na wale ndugu wawili wakiwemo, mkiamua mkijua mnachokiamua.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkiota kazi hii, jifunzeni jambo moja mapema. Ukipewa fomu, weka nakala. Andika tarehe uliyoipeleka, jina la aliyekujibu na alilolisema. Kwa tabia hii ndogo, kliniki nyingi zimesalimika.

Kwa mama wa Umoja: nimesikia kwamba mnunuzi anakuharakisha, ati mwisho ni Ijumaa. Mwache aende. Anayekupa siku tano kuuza jasho la miaka mingi hakutakii mema. Na usiku wa leo, kabla ya kumpigia binti, waite wale vijana wawili wale chakula cha jioni kwako. Waambie ploti ipo. Halafu mpigieni dada yao pamoja.

Tukutane Jumapili ijayo.