Dhamana na usalama wa jamii: mjadala wa Kampala unaoigusa Base Camp

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, neno dhamana hupokewa kwa hisia mbili zinazopingana. Kwa familia ya mtu aliyekamatwa, dhamana ni tumaini la kumwona baba au kijana wao akirudi nyumbani huku kesi ikiendelea. Kwa jirani aliyevunjiwa nyumba, au kwa mama ambaye bintiye ametendewa ukatili, ni habari kwamba mtuhumiwa ameonekana tena sokoni Base Camp kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa.

Mvutano huohuo ndio uliowagawa viongozi wa Uganda tangu mwaka 2021. Ingawa majina yaliyotajwa zaidi katika mjadala huo ni ya wabunge na wanasiasa, uamuzi wowote utakaofikiwa utamgusa zaidi mtu asiye na jina kubwa, na hasa yule aliye mgeni katika nchi.

Mjadala ulivyoanza

Mwezi Septemba 2021, Rais Yoweri Museveni alitumia mhadhara wa kumbukumbu ya Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyeuawa mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin, kupinga watuhumiwa wa mauaji kuachiliwa kwa dhamana. Kwa maoni yake, kumwachilia mtuhumiwa wa aina hiyo ni kuwachokoza wafiwa na kuwashawishi wananchi wajichukulie sheria mikononi. Baadaye serikali ilipendekeza kwamba mtu anayeshitakiwa kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifo asipewe dhamana kabla ya siku 180 kupita.

Wakati huo wilaya za eneo la Masaka zilikuwa katika majonzi. Watu zaidi ya 20, wengi wao wazee, walikuwa wameuawa kwa mapanga usiku. Wabunge wawili wa upinzani, Muhammad Ssegirinya wa Kawempe Kaskazini na Allan Ssewanyana wa Makindye Magharibi, walishitakiwa kuhusiana na mauaji hayo, mashitaka waliyoyakana. Mahakama Kuu ya Masaka iliwapa dhamana mwezi huohuo, lakini wakakamatwa tena mara tu walipotoka gerezani. Walikaa rumande hadi Februari 2023, karibu miezi 17, kabla ya kuachiliwa kwa dhamana ya shilingi milioni 20 kila mmoja. Ssegirinya alifariki dunia Januari 2025, kesi ikiwa haijafikia hukumu.

Kwa wabunge wa upinzani wakiongozwa wakati huo na Mathias Mpuuga, mwenyewe mbunge kutoka Masaka, na kwa Chama cha Wanasheria cha Uganda, hayo yalikuwa ushahidi kwamba tatizo la nchi ni watu kufungwa kabla ya kuhukumiwa, wala si wingi wa dhamana. Kwa upande wa serikali, damu iliyomwagika Masaka ilikuwa hoja ya kutosha ya kukaza sheria.

Katiba inasema nini

Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka athibitishwe kuwa na hatia au akiri mwenyewe. Ibara ya 23 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na inampa haki ya kuomba dhamana. Neno la kuzingatia hapo ni kuomba. Mwaka 2006, katika shauri lililomhusu Dkt. Kizza Besigye, Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mshitakiwa ana haki ya kupeleka ombi, ila kukubali au kukataa ni uamuzi wa mahakama.

Hata hivyo, uamuzi huo una ukomo. Kwa makosa yanayoweza kusikilizwa na mahakama za chini, mtu akikaa rumande siku 60 bila kesi yake kuanza, lazima aachiliwe kwa masharti yanayofaa. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, kama mauaji na ubakaji, ukomo ni siku 180 kabla ya kesi kupelekwa rasmi katika mahakama hiyo. Muda huo ulikuwa siku 120 na siku 360, na Bunge ndilo lililoupunguza katika marekebisho ya mwaka 2005. Yaani wabunge wa wakati ule waliona kwamba serikali ilikuwa ikiwaweka watu rumande muda mrefu mno.

Ibara ya 23 haimo katika orodha ya vifungu ambavyo ni lazima vipigiwe kura ya maoni. Theluthi mbili ya wabunge wote inatosha kuibadilisha. Ndiyo maana msimamo wa kila mbunge kuhusu dhamana una uzito, na ndiyo maana wakazi wa Isingiro na Mbarara wana sababu ya kumuuliza mwakilishi wao anasimama wapi. Mkimbizi hapigi kura, lakini sheria inayopitishwa humhukumu sawa na raia.

Mkimbizi mbele ya hakimu

Nakivale, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya 200,000, wengi wakitoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Migogoro midogo huamuliwa na viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa na jamii zao. Jinai hupelekwa polisi, kisha mahakamani Isingiro, na makosa mazito zaidi huishia Mahakama Kuu mjini Mbarara.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mahakama inapopima ombi la dhamana huuliza kama mwombaji ana makao ya kudumu ndani ya eneo lake, kama ana wadhamini madhubuti, na kama anaweza kutoroka. Raia hujibu kwa kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 na ndugu mwenye shamba. Mkimbizi anaishi katika kiwanja alichogawiwa, ndugu zake huenda wamebaki Kivu au Bujumbura, na mpaka wa Tanzania hauko mbali. Kila jibu lake linaweza kusomwa kama dalili ya kutoroka.

Lakini sheria haikumsahau. Mwongozo wa dhamana uliotolewa na Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo mwaka 2022 unatambua hati za usajili za mkimbizi au mwomba hifadhi, zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, kuwa miongoni mwa hati ambazo mdhamini anaweza kuonyesha. Kwa maneno mengine, mkimbizi anaweza kumdhamini mkimbizi mwenzake. Wengi hawalijui jambo hili, na asiyelijua huenda asithubutu hata kufika mahakamani.

Yapo mengine yanayofaa kujulikana. Dhamana ya polisi hailipiwi, na anayedai fedha kwa ajili yake anavunja sheria. Fedha zinazowekwa mahakamani hurudishwa kesi ikimalizika, iwapo masharti yametimizwa. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani bila malipo. Kwa msemaji wa Kiswahili katika mahakama inayoendeshwa kwa Kiingereza, huku watu wakizungumza Kinyankole ukumbini, haki hiyo si jambo dogo.

Hofu ya waliodhulumiwa

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuidharau hofu ya wanaotaka dhamana ibanwe. Katika makazi ambamo nyumba zimekaribiana na kisima ni kimoja, mlalamikaji na mtuhumiwa hukutana kila siku. Shahidi anayetishwa hana mtaa mwingine wa kuhamia. Wako pia waliokimbia vita na kumkuta hapohapo Nakivale mtu wanayemwogopa tangu nyumbani. Mtuhumiwa akirudi bila maelezo, uvumi husema amehonga polisi, na uvumi huo ni hatari. Kila mwaka mamia ya watu huuawa nchini Uganda na makundi yenye hasira.

Je, kufuta dhamana kwa siku 180 kutaiondoa hofu hiyo? Kutaichelewesha tu. Siku ya 181 mtuhumiwa atarudi katika mtaa uleule, na shahidi atakuwa hana kinga kama mwanzo, kwa kuwa muswada wa kuwalinda mashahidi umezungumzwa kwa miaka mingi bila kuwa sheria. Wakati huohuo magereza ya Uganda, yaliyojengwa kwa ajili ya watu takriban 20,000, yana wafungwa na mahabusu zaidi ya 70,000, na karibu nusu yao hawajahukumiwa.

Nchi nyingine zimejaribu njia tofauti. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako baadhi ya familia kutoka makambi ya Afrika Mashariki zimehamishiwa, dhamana ya fedha ilifutwa kabisa tarehe 18 Septemba 2023. Seneta wa jimbo Robert Peters wa Chicago, mmoja wa waliosukuma sheria hiyo, alishikilia kwamba uhuru wa mtu usipimwe kwa mfuko wake. Sasa waendesha mashitaka humwomba jaji amzuie mtuhumiwa anayeonekana kuwa hatari au anayeweza kutoroka, na jaji hutoa sababu. Waendesha mashitaka na wakuu wa polisi wengi waliipinga sheria hiyo, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo iliiidhinisha Julai 2023. Mfumo huo hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi Isingiro. Swali lake lakini linafaa: je, huyu ni hatari kwa nani, na ushahidi uko wapi?

Kinachowezekana hapa

Tangu mwaka 2013 mahakama zimekuwa zikifanya vikao ndani ya Nakivale kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na wadau wengine. Kikao kinapofanyika karibu, mlalamikaji na mashahidi hufika kwa miguu, wadhamini huonekana ana kwa ana, na jamii husikia kwa masikio yake kwa nini mtu ameachiliwa au amezuiwa. Vikao vya mara kwa mara, taarifa kwa mlalamikaji kabla mtuhumiwa hajatoka, na sharti la kutomkaribia shahidi vingeleta usalama mwingi kuliko kubadilisha Katiba.

Mbunge anayesema dhamana inahatarisha jamii ana wajibu wa kueleza kwa nini kesi hazianzi ndani ya siku 60. Na anayeitetea dhamana ana wajibu wa kumweleza yule mama wa Base Camp nani atamlinda binti yake usiku wa leo. Mpaka wote wawili watakapojibu, mahabusu ataendelea kuhesabu siku Mbarara, na shahidi ataendelea kufunga mlango mapema Nakivale.