Taifa Linaloogopa Bisibisi

Mwaka jana taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliuza kwa mnada kikuza sauti cha ukumbi wake wa mikutano. Katika orodha ya mnada, mbele ya kifaa hicho, liliandikwa neno moja: "Kibovu." Nilikinunua kwa bei inayokaribia chakula cha mchana cha watu wawili, nikakipakia kwenye bajaji, nikakifikisha nyumbani. Nilifungua skrubu kumi. Ndani, kwenye sehemu inayolisha umeme, kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Nilizibadilisha jioni hiyo hiyo kwa gharama isiyofika shilingi elfu kumi, na kifaa kikaimba. Kinaimba mpaka leo. Taasisi ile, kwa upande wake, ilikwisha kuagiza kingine kipya kutoka nje kwa fedha za walipa kodi. Nilipomuuliza ofisa mmoja ni nani aliyekichunguza kile cha kwanza kabla hakijahukumiwa, alinijibu kwa utulivu kwamba kamati ilikaa.

Kamati ilikaa. Hakusema kamati ilifungua.

Kabla sijaendelea, nikiri maslahi yangu. Mimi si mhandisi. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya siasa, na kazi yangu ni kufundisha vijana namna dola inavyofanya maamuzi. Lakini huu ni mwaka wa saba sasa, jioni na mwisho wa juma, ninaunda kwa mikono yangu vikuza sauti vya valvu, vile vioo ambavyo wazee wetu walivizoea nyuma ya redio za mbao, vinavyowaka wekundu hafifu kama glopu iliyochoka. Ninaunda pia vigeuzi, yaani vifaa vinavyopokea muziki ulioandikwa kwa tarakimu na kuurudisha kuwa umeme unaoweza kutikisa spika. Wenzangu kazini wanalijua jambo hili na hulicheka kwa upole. Swali lao halibadiliki: "Dokta, umekosa hela ya kununua?"

Makala haya ni jibu la swali hilo, kwa sababu nimeanza kuamini kwamba ndilo swali linaloendesha nchi.

Nianze kwa kukubali yasiyobishaniwa. Sisemi kwamba valvu ni bora kuliko transista. Chipu ya kisasa ya bei ndogo, ikipimwa kwa vyombo, hupotosha sauti kidogo kuliko kazi yangu ya miezi mitatu. Kikuza sauti changu cha kwanza kilikuwa na valvu tatu: ECC83 moja na EL84 mbili, moja kwa kila spika. Kwa umeme wote kinaoula na joto lote kinalolitoa, hakivuki wati tano kila upande. Hakuna mhasibu atakayekipitisha, na hatakuwa amekosea.

Thamani yake ni kwamba ndani yake hakuna kilichojificha. Waya mwembamba hupashwa joto kwa volti 6.3. Joto hilo huzing'oa elektroni, na bamba lenye volti mia mbili na zaidi huzivuta. Katikati ya njia kuna wavu mdogo wa waya, na sauti dhaifu ikiuchezesha wavu huo, mkondo mkubwa hufunguka na kubanwa kwa kuufuata. Siri imeishia hapo. Mwingereza Fleming aliunda valvu ya kwanza mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu mwaka 1906. Mwaka 1947 Mwingereza mwingine, D. T. N. Williamson, alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro kamili wa kikuza sauti cha wati 15, ukiwa na thamani ya kila rezista, na watu wasiomiliki kiwanda chochote wakauunda juu ya meza zao. Mchoro huo bado unapatikana. Ukisoma Kiingereza cha kidato cha nne na hesabu za kidato cha pili, unao.

Basi mtu asituambie kwamba teknolojia hii tulinyimwa. Imelala sakafuni mbele yetu kwa miongo kadhaa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na sisi wenye shahada tumelelewa kuamini kwamba kuinama ni kazi ya waliofeli.

Upande wa tarakimu hali ni mbaya zaidi, maana huko ujinga wetu umevaa suti. Sijui nimehudhuria warsha ngapi za "uchumi wa kidijitali", zenye mabango, fulana na posho. Katika mojawapo nilimwuliza mtoa mada swali la kitoto: muziki ulio ndani ya simu yako ni tarakimu tupu, sasa tarakimu zinageukaje kuwa sauti ya mwimbaji? Alifikiri kidogo, akasema kwamba programu ndiyo inayofanya. Ukumbi ulitikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa sawa na kusema kwamba mvua inanyesha kwa sababu ya hali ya hewa.

Jibu la kweli si gumu. Muziki wa diski, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kimojawapo kati ya ngazi 65,536. Ili kuzirudisha tarakimu hizo kuwa umeme, unaweza kujenga ngazi ya rezista za thamani mbili tu, moja ikiwa maradufu ya nyingine. Kila biti inayowaka husukuma sehemu yake ya umeme: ya kwanza nusu, ya pili robo, ya tatu thumuni, na kuendelea. Zijumlishe, ulainishe vipandio vyake, na umepata sauti.

Nililijenga jambo hili pamoja na wanafunzi wangu wanne wa utawala wa umma. Nasisitiza, wa utawala, si wa umeme. Tulitumia Jumamosi tatu kupima rezista moja moja kwa mita na kuziandika daftarini, kwa sababu zile za kawaida za dukani huhakikishwa kwa asilimia 1 tu, na kosa la asilimia 1 kwenye biti ya juu kabisa humeza mamia ya ngazi za chini. Tulipowasha mara ya kwanza, kigeuzi kilikwaruza kama kuku kwenye bati. Mmoja wao, binti wa mwaka wa tatu ambaye hakuwahi kushika chombo cha kulehemu kabla ya mwezi ule, aliufuatilia mchoro kwa kidole kwa saa nzima na kukuta rezista mbili zimebadilishana nafasi. Nafasi ziliporekebishwa, sauti ikatakata. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe ni hesabu."

Hilo "kumbe" ndilo ninalolitafuta kwa watumishi wetu wa umma. Binti yule kesho kutwa atakuwa ofisa ugavi au katibu tawala mahali fulani. Ataletewa mfumo wa mabilioni na mtu mwenye kompyuta mpakato na tabasamu, na ataambiwa kwamba mambo ya ndani ni magumu, atie saini tu. Naamini yeye atauliza ndani kuna nini. Yule asiyewahi kufungua chochote maishani mwake ataanzia wapi kuuliza? Huyo huuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha gunia huandikiwa matengenezo ya kila mwaka.

Nimesema nilijifunza mwenyewe, lakini hiyo si kweli yote. Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Kariakoo aliyeanzia kwenye redio za National na hajaacha kutengeneza tangu hapo. Siku ya kwanza nilipompelekea chesisi yangu ya valvu, aliitazama, akaugonga mkono wangu wa kushoto. "Mwanangu, huo uweke mfukoni. Ukipima umeme mkubwa tumia mkono mmoja, usiupe njia ya kupita kifuani." Akanifundisha pia kwamba kapasita haina habari kwamba umezima swichi, kwa hiyo niimalize chaji kwanza, nipime, ndipo niguse. Kwa wanaoniandikia kwamba ninawahimiza vijana wajiue kwa volti mia tatu: hatari ipo, nayo ina dawa inayofundishika. Dawa hiyo wanayo watu kama huyu mzee.

Baada ya kile kikuza sauti kufufuka, nilirudi kwenye taasisi ile nikawapa jina lake. Waliniuliza kama ana cheti. Kama ana kampuni. Kama amesajiliwa kwenye mfumo wa zabuni. Hana. Namsihi aende VETA kwenye utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ni utaratibu mzuri. Aliyeubuni astahili pongezi. Mzee anacheka, anauliza cheti kitaifanya mita yake isome vizuri zaidi? Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Huyu amecheza kwao mpaka mvi, na anayetunzwa ni mwagizaji wa makontena.

Naelewa kwa nini stakabadhi zinatakiwa. Sheria za manunuzi ziliandikwa kuwazuia wezi, na nisingependa ziondolewe. Lakini ukiunda utaratibu ambamo kununua kipya kwa mamilioni ni rahisi kuliko kumlipa fundi shilingi elfu hamsini, umekwisha kuamua nani atakula na nani atalala njaa. Matengenezo ya shilingi elfu kumi hayana asilimia kumi ya kugawana. Simtuhumu mtu, naonyesha tu upande ambao maji yanateremkia.

Historia nayo haituungi mkono. Masaru Ibuka alirudi Tokyo mwaka 1945, mji ukiwa majivu, akafungua karakana ndani ya jengo lililonusurika mabomu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio za watu na kuziunganishia vifaa vya kupokea masafa mafupi. Mwaka uliofuata alianzisha kampuni pamoja na Akio Morita. Kampuni hiyo ndiyo Sony. Kutengeneza kulitangulia kuunda. Sisi wenyewe tuliwahi kuonja: kilikuwepo kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam, kilichotupatia hizo redio na betri za National, na kile cha Philips kule Arusha. Tunapoviomboleza viwanda, tunalilia mashine na majengo. Ujuzi uliobaki kwenye vidole vya watu tuliuacha ukae barazani ukisubiri wateja.

Sasa tuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, yenye mkondo wa amali. Nililisoma neno hilo kwa furaha ya kweli. Wazo lenyewe si geni. Tulikuwa nalo tangu mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na tuliligeuza kuwa jembe la adhabu kwa wanafunzi waliochelewa namba. Hofu yangu ni kwamba amali itageuzwa vivyo hivyo. Watoto wa wakulima wataelekezwa kwenye bisibisi, watoto wetu sisi tunaosoma makala haya watapelekwa kwenye vitabu, na miaka ishirini ijayo kundi la pili litakaa kwenye kamati na kuvihukumu vifaa ambavyo kundi la kwanza lingeweza kuvitengeneza kama lingeulizwa. Ukitaka kupima kama sera imeingia kweli, usihesabu shule. Mwulize mkurugenzi yeyote mkondo aliouchagulia mwanawe.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo sina budi kuiheshimu. Mwanafunzi mmoja aliniambia waziwazi kwamba hobi yangu ni ya mtu mwenye mshahara: valvu mpya zinatoka Slovakia, Urusi na Uchina, transfoma yake ni ghali kuliko ada ya muhula, na kifurushi kikifika utabishana na ofisa anayeamini kwamba umeagiza taa. (Nimebishana. Alishinda, valvu zangu ziliingia nchini kama taa.) Yuko sahihi, na ndiyo maana simwombi mwanafunzi maskini anunue valvu. Kilio changu kinahusu ghala. Kila taasisi ya umma ninayoijua ina chumba kimoja kimefungwa, ndani yake kuna transfoma, chesisi, spika na chipu za bure, vimefunikwa vumbi vikisubiri kamati ikae. Hiyo ni maabara ambayo tumekwisha kuilipia.

Mwezi huu taasisi ile ile imetangaza mnada mwingine. Nimeipitia orodha: vikuza sauti vitatu, projekta tisa, na rundo la vigeuzi vya umeme, vyote "vibovu". Nimeandika barua kuomba wanafunzi wangu na yule mzee waruhusiwe kukaa siku mbili ndani ya chumba hicho, bila malipo, chini ya macho ya mlinzi wao. Sijaomba watengeneze kitu. Nimeomba wafungue, ili mbele ya kila neno "kibovu" iandikwe sentensi moja ya sababu, kabla nyundo haijagonga. Nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mnada ni Jumamosi ya wiki ijayo, na hadi ninapoandika haya sijajibiwa.