Songwe hadi Mwanza: Umbali wa Ramani na Umbali wa Msafiri

Uwanja wa ndege wa Songwe, ambao licha ya jina lake umo ndani ya Mkoa wa Mbeya na ulifunguliwa Desemba 2012, kabla Mkoa wa Songwe haujamegwa mwaka 2016, ndio unaotegemewa na wafanyabiashara wa Tunduma, Vwawa na Mlowo. Ukipimwa umbali wa anga, yaani mstari mfupi kuliko yote unaounganisha nukta mbili juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja huo hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 690, na hadi Mwanza ni kama kilomita 720. Kwa ndege ya pangaboi aina ya Q400, inayokwenda kwa kasi ya takriban kilomita 600 kwa saa, safari ya moja kwa moja hadi Mwanza ingechukua kama saa moja na nusu, pamoja na dakika za kupaa na kutua.

Hata hivyo, njia iliyozoeleka humpeleka abiria kwanza Dar es Salaam, kisha humrudisha kaskazini-magharibi kwa kilomita nyingine 850 hivi, na hivyo kumfanya asafiri kilomita 1,540, zaidi ya maradufu ya umbali halisi. Saa za angani hukaribia tatu, na juu yake huongezeka muda wa kusubiri ndege ya pili, ambao ratiba ikiwa mbaya huwa mrefu kuliko safari yenyewe. Kwa mkazi wa Tunduma kuna pia takriban kilomita 80 za barabara kuu ya Zambia, yenye malori mengi, na upanuzi wake kwa njia nne umeanzia upande wa jiji la Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, si upande wa mpakani.

Watetezi wa mfumo huu husema, na hoja yao ina uzito, kwamba Dar es Salaam hukusanya abiria wa mikoa yote na hivyo kuijaza ndege ya viti 76 ambayo njia ya Songwe na Mwanza pekee isingeijaza kila siku. Tena ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonesha mara kadhaa kwamba shirika la ndege la taifa, Air Tanzania, limepata hasara. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba chaguo ni Dar es Salaam au safari ya moja kwa moja tu, ilhali Tabora imekaa karibu kabisa juu ya mstari unaounganisha Songwe na Mwanza, kiasi kwamba kutua hapo hakuongezi kilomita za kutajika. Hata kupitia Dodoma, makao makuu ya nchi, jumla ni kama kilomita 930 tu. Abiria nao wapo: mpaka wa Tunduma na Nakonde, wenye kituo cha huduma kwa pamoja tangu 2019, hulisha masoko ya mbali, na familia nyingi za Wasukuma zilizohamia nyanda za kusini magharibi bado zina ndugu Kanda ya Ziwa.

Kwa kuwa ndege za Air Tanzania zimenunuliwa kwa fedha za umma, shirika hilo linapaswa kuijaribu njia ya Songwe, Tabora na Mwanza walau mara mbili kwa wiki, kwa mwaka mzima, kabla ya kuamua kwamba haina abiria.