Presha si Ugonjwa wa Wakubwa

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kila mwaka kwamba shinikizo la damu ni ugonjwa wa wakubwa, watu wa magari na nyama choma. Waliandika, wakafaulu, wakaenda kuwafundisha watoto wa nchi nzima. Leo nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba nilifundisha uongo.

Aliyenisahihisha ni mpishi wetu wa chuo. Alikuwa mwembamba, akija kazini kwa miguu, wala hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Asubuhi moja mwaka 1994 mwiko ulimponyoka, mdomo ukaenda upande. Wengine walisema ni pepo mchafu, wengine wakamtaja jirani. Tulimzika siku ya tatu. Zahanati ilikuwa karibu, naye aliizoea kwa sababu ya malaria, lakini hakuna aliyewahi kumpima presha.

Mwaka uleule mimi, mkuu wake, nilipimwa afya ili niende semina ng'ambo. Presha ikaonekana, nikapewa vidonge, nami ninavimeza hadi leo. Sikumzidi mpishi kwa mwili wala kwa akili. Nilimzidi cheo tu.

Baadaye nilisoma tarakimu zilizonitoa jasho. Kuanzia 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilituma watu nyumba kwa nyumba katika sehemu za Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini, wakiwauliza wafiwa marehemu aliugua vipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Kwa wanaume wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka 65 katika kila 100,000 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro Vijijini. Uingereza na Wales, mwaka 1993, hawakufika 11. Kwa wanawake wa Dar es Salaam walikuwa 88. Kule hawakufika 9. Je, yule mkulima wa jembe la mkono wa Morogoro naye ni mkubwa?

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa Ilala na Hai, ulionyesha kwamba kati ya wenye presha hata mmoja katika watano hakuwa akijua anayo. Waliotibiwa walikuwa kama mmoja katika kumi. Ambao presha yao ilikuwa imetulia hawakufika mmoja katika mia.

Labda utasema nchi yetu ni maskini. Nami nakuuliza: kupima presha kunachukua dakika ngapi? Na aliyepooza analishwa na nani, kama si binti aliyeachishwa shule? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu mwenye nacho hupimwa kabla hajaugua. Asiye nacho hupimwa akiwa kwenye machela.

Kwa hiyo nasema: kila mtu mzima aingiaye zahanati, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu, apimwe presha. Akikutwa nayo, vidonge vyake viwepo mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka ujao, kwani ugonjwa huu hautibiwi kwa wiki moja.

Nanyi wanafunzi wangu wa zamani, ambao leo ni walimu wakuu na wastaafu kama mimi, ile sentensi niliyowaandikia ubaoni, tafadhali ifuteni.